Nakala Zilizokuwapo Lakini Hazikufunguka: Kisa cha Ofisi Moja ya Kliaring Mombasa

Asubuhi ya Jumatatu moja ya mwezi wa Mei 2024, masika yakiwa yamekolea, karani wa kwanza kufika katika ofisi moja ya wakala wa forodha karibu na Moi Avenue alifungua mlango wa chumba cha nyuma akakanyaga maji. Mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi ulikuwa umeziba, kiyoyozi kilikuwa kimeachwa kikivuma tangu Ijumaa jioni ili seva isishikwe na joto, na maji yaliyopaswa kutoka nje yalikuwa yamedondoka siku mbili nzima juu ya seva ileile iliyokuwa ikipozwa. Ilitokea shoti iliyounguza pawa saplai, ubao mkuu na saketi za diski zote mbili. Diski hizo zilikuwa zimefungwa kwa mtindo wa kioo, yaani kila kinachoandikwa katika moja huandikwa katika ya pili, mpango ambao ni kinga nzuri diski moja inapokufa kwa uzee, lakini hauna faida yoyote pale zote mbili zinapokula umeme katika sahani moja.

Niliitwa mchana wa siku hiyo. Ofisi imekubali nikieleze kisa chake kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, wala jina la fundi aliyeijengea mitambo yake. Sharti hilo ni la haki, kwa kuwa kosa lenyewe, kama itakavyoonekana, ni la aina ambayo mtu mwangalifu ndiye anayelifanya. Mzembe asingefika mbali kiasi cha kuweza kulifanya.

Kwanza yafaa kupima kilichopotea. Entri za forodha zenyewe, zile zinazowasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya kupitia mfumo wa iCMS, hazikuwa katika seva hiyo. Zimo katika mitambo ya Mamlaka, na makontena yaliyokuwa yakingoja Kilindini wiki hiyo yaliendelea kutolewa kwa msaada wa kompyuta mpakato mbili na simu. Kilichokuwa ndani ya seva ni mafaili ya wateja: bili za ledingi (hati za mzigo wa meli) zilizopigwa skani, ankara, barua za idhini, nakala za vitambulisho na vyeti vya PIN ya kodi, hesabu za madai na malipo, na barua pepe za miaka kadhaa. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha muda wa miaka 5 wa kuweza kumtaka mtu alete vitabu na hati za mzigo uliokwisha kuingia. Kwa ofisi ya kliaring, faili la mzigo wa 2021 halijawa historia. Ni ushahidi unaoweza kuombwa kesho.

Habari njema, au iliyoonekana kuwa njema, ni kwamba bekapu zilikuwapo. Fundi wa awali alikuwa ameweka Bacula, programu huria ya nakala rudufu ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000 na kuitoa kwa umma mwaka 2002, na alikuwa ameipanga vizuri kuliko nilivyozoea kuona katika ofisi za ukubwa huo. Bacula hugawa kazi katika sehemu tatu zinazoweza kukaa mbalimbali: klayenti, ambayo hukaa katika mashine yenye data na kuisoma, storeji, ambayo hupokea data na kuihifadhi, na dairekta, ambayo hutoa amri na kutunza katalogi, yaani orodha ya kila faili lililowahi kunakiliwa, lilinakiliwa lini na liko wapi. Klayenti ilikuwa katika seva iliyokufa. Dairekta na katalogi yake zilikuwa katika kompyuta ndogo ya tawi lao la Changamwe, na storeji ilikuwa katika seva ya kukodi Nairobi. Maji ya Moi Avenue hayakufika Changamwe wala Nairobi, na ilipotimu saa tisa mchana tulikuwa tumepata kompyuta ya muda, tumeiwekea klayenti mpya kwa kufuata karatasi za makabidhiano alizoziacha fundi, na tumeiagiza dairekta irudishe faili moja dogo la ankara kwa majaribio.

Katalogi ilitupa kila ilicho nacho. Tuliona majina ya mafaili yote, folda kwa folda, mteja kwa mteja, pamoja na ukubwa wa kila faili na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Bi Mkurugenzi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti changu, alisoma majina ya wateja wake kwenye skrini akashusha pumzi. Kisha data ikaanza kuja kutoka Nairobi, na klayenti ikakataa kuiandika, ikieleza kwamba data hiyo imesimbwa, yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo, na kwamba hapana ufunguo wa siri uliowekwa wa kuisimbulia.

“Mwanangu,” akaniambia, “niondolee hayo ya kompyuta. Zafunguka au hazifunguki?”

Nilimjibu kwamba sijui, na huo ulikuwa ukweli. Kujua kwategemea mahali ulipo ufunguo, na ili mahali hapo paeleweke, lazima kwanza ieleweke namna Bacula inavyofunga.

Data husimbwa ndani ya klayenti, kabla haijaondoka kwenye mashine yake. Kwa kila kazi ya kunakili, klayenti hubuni ufunguo wa kubahatisha wa kutumika mara hiyo moja tu, kwa kawaida wa biti 128, na kwa ufunguo huo husimba yaliyomo katika mafaili kwa AES, kanuni iliyofanywa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Ufunguo huo wa mara moja nao hauna budi kuhifadhiwa pamoja na data, la sivyo hata mwenye mali hataifungua; kwa hiyo nao husimbwa, safari hii kwa RSA, kanuni ambayo ufunguo wake una nusu mbili, nusu ya umma ambayo hufunga tu, na nusu ya siri ambayo ndiyo peke yake ifunguayo. Klayenti huufunga ule ufunguo wa mara moja kwa nusu yake ya umma, na, ikiwa msimamizi ameagiza hivyo, hufunga nakala ya pili ya ufunguo uleule kwa nusu ya umma ya ufunguo mwingine, unaoitwa ufunguo mkuu. Ni kama kuutia ufunguo wa sanduku moja katika bahasha mbili, ya kwanza aifungue mwenye nyumba, ya pili aifungue wakili wake siku mwenye nyumba asipokuwapo. Aliye na mojawapo ya nusu mbili za siri ataifungua data. Asiye nazo atabaki na majina, ukubwa na tarehe za mafaili, kwa sababu hivyo havisimbwi, na ndiyo maana katalogi ilitupa matumaini ambayo storeji haikuweza kuyatimiza.

Nusu ya siri ya klayenti ilikuwa katika faili la fd.pem, ndani ya folda ya /etc/bacula ya seva iliyolowa. Faili hilo halikuwa na nenosiri, wala lisingeweza kuwa nalo: umeme unapokatika usiku na kurudi, klayenti lazima iwake yenyewe, na hapana mtu wa kuiandikia nenosiri saa tisa za alfajiri. Kinga yake ilikuwa ruhusa za faili peke yake. Sasa lilikuwa limekufa pamoja na diski zake.

Kijana wa ofisi anayeshughulikia kompyuta alipata wazo, nami nalieleza kwa sababu ni wazo linalomjia karibu kila mtu. Aliona kwamba mpangilio unalitaja faili la fd.pem, na faili halipo, basi litengenezwe. Kwa OpenSSL, programu ya kutengenezea funguo, alitoa ufunguo mpya wa RSA na cheti chake, yaani faili linalobeba nusu yake ya umma, akaviunganisha kuwa faili moja, akalipa jina lilelile na kuliweka mahali palepale. Klayenti iliwaka bila kulalamika, na ilipoambiwa irudishe ankara, ikakataa kama mwanzo. Jina la faili si kitu kwa Bacula. Inachotazama ni kitambulisho cha ufunguo kilichomo ndani ya cheti, ambacho hutokana na nusu ya umma yenyewe, na funguo mbili zilizotolewa kwa nyakati mbili haziwezi kufanana hata zikipewa jina moja. Hatari kubwa zaidi ya hatua hiyo haikuwa kukataliwa. Ilikuwa kwamba klayenti ingeanza usiku huohuo kunakili kwa ufunguo mpya, kila asubuhi taarifa ikasema kazi imekamilika, na baada ya mwezi mmoja hakuna ambaye angekumbuka kwamba nyuma ya mstari fulani wa tarehe kila kitu kimefungwa. Tulisimamisha ratiba yote.

Aliuliza pia kama haiwezekani kujaribu funguo zote zinazowezekana mpaka mmoja ukubali. Nikamwandikia kwenye karatasi idadi ya funguo za biti 128, ambayo ni zaidi kidogo ya 340 ikifuatwa na sifuri 36. Aliitazama, akaikunja karatasi.

Tumaini lililobaki lilikuwa ufunguo mkuu. Fundi wa awali, ambaye sasa anafanya kazi Doha, alipokea simu usiku huohuo na kujibu kwa adabu na bila kusita: ufunguo mkuu aliutengeneza, akaunakili kwenye flashi, akaufuta kwenye seva kama mwongozo unavyoagiza, na flashi ikatiwa katika bahasha na kuwekwa ndani ya sefu mbele ya Bi Mkurugenzi mwenyewe. Yote hayo yalikuwa kweli. Jumanne asubuhi sefu ilifunguliwa, bahasha ikatoka ikiwa na sahihi mbili juu ya gundi, flashi ikasomeka bila tatizo, na ndani yake mlikuwa na folda moja iliyoandikwa MASTER KEY kwa herufi kubwa. Katika folda hiyo mlikuwa na faili moja, master.cert. Nililifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi. Mstari wa kwanza wa faili la ufunguo wa siri husema BEGIN PRIVATE KEY, au huongeza neno RSA katikati. Mstari huu ulisema BEGIN CERTIFICATE.

Kosa hilo lina chimbuko, nalo ni jina. Katika mpangilio wa klayenti ya Bacula kuna mstari unaoitwa PKI Master Key, ambao kwa jina lake mtu atadhani unataja ufunguo mkuu, na faili linalopaswa kutajwa mbele yake ni cheti, yaani nusu ya umma peke yake. Hivyo ndivyo ilivyo sawa, kwa kuwa klayenti inahitaji nusu ya kufungia tu, na nusu ya siri ya ufunguo mkuu haipaswi kabisa kukaa katika mashine hiyo. Fundi, siku ya kufunga kazi, aliutazama mpangilio wake, akaona kilichoitwa ufunguo mkuu, akakinakili kwenye flashi, kisha akafuta faili la master.key ambalo mwongozo ulimwambia asiliache kwenye seva. Alitii kila agizo. Matokeo ya utiifu huo ni kwamba kwa miaka mitatu sefu ililinda kufuli, na ufunguo ulikuwa umetupwa.

Wakati mimi nikilitazama faili hilo, yule kijana alikuwa akipekua katalogi, akaniita nione. Katika orodha ya mafaili yaliyonakiliwa kila usiku limo pia /etc/bacula/fd.pem, kwa sababu fundi alikuwa ameagiza folda yote ya /etc inakiliwe. Na katika nakala kamili ya kwanza ya mwaka 2021, iliyokuwa bado inatunzwa, limo master.key lenyewe, lenye baiti 1,679, lililonakiliwa siku chache kabla ya kufutwa. Funguo zote mbili zilikuwa Nairobi, salama salimini, zimefungiwa ndani ya masanduku ambayo ni zenyewe tu zingeweza kuyafungua.

Hapa inafaa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu msomaji atauliza iliwezekanaje jambo hili lisigunduliwe kwa miaka mitatu, na jibu lake ndilo lililonisumbua kuliko maji ya kiyoyozi. Ofisi hii ilikuwa ikifanya majaribio ya kurudisha data. Kulikuwa na daftari la majaribio, kila robo mwaka lina ukurasa wake, na kila ukurasa una tarehe, jina la faili lililochaguliwa, muda uliotumika na sahihi ya karani. Kurasa zote zilisema jaribio limefaulu, na kurasa zote zilisema kweli. Utaratibu ulikuwa huu: karani huchagua faili kwenye seva, hulibadilisha jina, humwambia kijana alirudishe kutoka Nairobi, hulifungua lililorudi na kulilinganisha na la asili. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba Nairobi ina data, kwamba katalogi inajua ilipo, na kwamba laini ya intaneti inatosha. Ufunguo halikuugusa, kwa kuwa faili lilirudishwa kwenye seva ileile iliyolitoa, na fd.pem lilikuwa humohumo. Ni kama mtu anayejaribu kufuli ya mlango wake akiwa ndani, ufunguo ukiwa umening'inia ukutani karibu na mkono wake: hana haja ya kuutafuta, na baada ya mara kadhaa hajui hata kwamba anautumia. Kwa nakala zisizosimbwa, jaribio la namna hiyo linakaribia kutosha. Kwa nakala zilizosimbwa, linapima kila kitu isipokuwa kile ambacho siku ya msiba kitakosekana. Jaribio la maana lingeanzia kwenye mashine tupu, isiyowahi kuiona data hiyo wala folda ya /etc/bacula, na lingemlazimisha mtu ainuke kitini aende kwenye sefu.

Nakiri kwamba usiku wa Jumanne niliporudi nyumbani nilifungua kumbukumbu za wateja wangu wengine wawili. Majaribio yao niliyafanya mimi mwenyewe, na kwa mmoja wao niliyafanya vivyo hivyo.

Kilichoiokoa ofisi ni swali nililouliza bila kutarajia mengi: je, seva hii ndiyo ya kwanza? Bi Mkurugenzi alisema la, mpaka mwaka 2022 kazi zote zilikuwa katika kompyuta ya kawaida ya mezani, ambayo sasa ipo chini ya ngazi, pamoja na makasha ya karatasi na feni mbili mbovu, ikingoja mnunuzi wa vitu chakavu. Tuliitoa. Diski yake haikuwa imefutwa. Niliichomoa, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa njia ya kusoma tu, nikatoa kwanza nakala yake nzima ili lolote litakalotokea litokee kwenye nakala, kisha nikaingia katika /etc/bacula. Faili la master.key halikuwapo, fundi alikuwa amelifuta huku pia. Lakini fd.pem lilikuwapo, na tarehe yake ilikuwa ya 2021.

Swali lililobaki ni kama huo ulikuwa ufunguo uleule. Ilipohamishwa kazi mwaka 2022, fundi angeweza kuhamisha folda nzima na ufunguo wake, au kutoa ufunguo mpya kwa ajili ya seva mpya, jambo ambalo wengi wangeliona ndiyo usafi zaidi. Mwenyewe hakukumbuka. Jibu lilitoka kwenye katalogi. Bacula, ikiwa imeagizwa hivyo, huhesabu alama ya MD5 ya kila faili, yaani namba fupi inayotokana na yaliyomo ndani yake, kabla ya kulisimba na huiandika katika katalogi, na fundi alikuwa ameagiza. Nikaitoa katika katalogi ya Changamwe alama ya fd.pem lililonakiliwa Alhamisi ya kabla ya maji, nikaibadilisha kutoka mtindo ambao Bacula huiandikia, nikahesabu alama ya faili lililotoka chini ya ngazi. Zililingana. Kabla ya kurudisha hata faili moja tulikuwa tumeshajua kwamba tumeupata.

Ankara ya majaribio ilifunguka saa saba na nusu mchana. Data yote, gigabaiti 180 hivi kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, ilichukua takriban saa 20, na Jumatano kabla ya adhuhuri makarani walikuwa wakifungua mafaili yao kwenye mashine ya muda.

Wengi walifurahi na kuishia hapo. Lakini kitu kilichowaokoa kilikuwa chenyewe ni kosa la usalama, tena baya. Ufunguo usio na nenosiri, wenye uwezo wa kufungua kila nakala ya ofisi hiyo, ulikuwa umelazwa miaka miwili chini ya ngazi katika jengo lenye wapangaji sita, na laiti mnunuzi wa vitu chakavu angefika mapema angeondoka nao pamoja na mafaili ya wateja ya hadi mwaka 2022 ambayo kwenye diski ile hayakuwa yamesimbwa hata kidogo. Ofisi iliokolewa na uzembe uleule ambao siku nyingine ungeiangamiza.

Bi Mkurugenzi alilipokea jambo hili kwa namna iliyotarajiwa: alitaka usimbaji wote uondolewe. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kwamba kwa miaka mitatu hakuna mwizi aliyezuiwa na kufuli hiyo, na mtu pekee iliyemzuia ni yeye. Nilimjibu kwa mambo mawili. La kwanza ni mahali data inapokaa: storeji ni mashine ya watu wengine huko Nairobi, diski zake hubadilishwa na mafundi ambao hatuwajui, na ndani yake kuna vitambulisho vya mamia ya watu waliomwamini. La pili ni Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kifungu cha 43 kinamtaka mwenye kumiliki data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua kwamba data imeingiliwa, na awajulishe pia wahusika. Lakini kinaondoa wajibu huo wa pili ikiwa kulikuwa na kinga zinazofaa, na kinautaja usimbaji kuwa miongoni mwake. Na kifungu cha 41 hakitaji usimbaji peke yake. Kinataja pia uwezo wa kuirejesha data kwa wakati yanapotokea majanga ya kimwili au ya kiufundi. Sheria, kwa maneno mengine, inataka sanduku lifungwe na inataka lifunguke. Ofisi ilikuwa imetimiza nusu ya kwanza.

Tulifikiria kuhama Bacula. Katika Borg, programu nyingine ya nakala rudufu, ufunguo waweza kukaa ndani ya hifadhi yenyewe ukilindwa kwa nenosiri, ingawa kuna mtindo mwingine ambao unabaki kwenye klayenti na kuleta balaa lilelile. Katika restic, nayo programu ya aina hiyo, ufunguo hukaa ndani ya hifadhi siku zote, na hifadhi moja yaweza kuwa na nenosiri zaidi ya moja. Kwa ofisi mpya ningependekeza mojawapo, kwa kuwa nenosiri ni kitu ambacho mtu wa kawaida anaelewa kwamba hapaswi kukipoteza. Hapa kulikuwa na nakala za miaka mitatu na katalogi nzuri, kwa hiyo tulibaki.

Ufunguo mkuu mpya ulitolewa kwenye kompyuta mpakato isiyounganishwa na mtandao wowote. Tulichagua RSA ya biti 3072, ambayo nguvu yake huhesabiwa kulingana na AES ya biti 128, na tukaufunga kwa nenosiri. Kilichopelekwa kwenye seva mpya ni cheti peke yake. Nusu ya siri ilichapishwa kwenye karatasi, mistari zaidi kidogo ya 40, na chini yake tukachapisha alama ya QR yenye maandishi yaleyale, kwa sababu kunakili mistari hiyo kwa mkono ni kualika ugomvi kati ya herufi O na sifuri. Alama moja ya QR huchukua hadi baiti 2,953, na ufunguo wetu ulitosha ndani yake. Tulitumia printa ya leza. Wino wa maji katika hewa ya chumvi ya Mombasa huanza kutawanyika kabla hujasahau ulichapisha nini, na flashi inayolala miaka bila umeme si mahali pa kuwekea amana peke yake, ingawa moja tuliiweka.

Niliwaeleza pia njia ya Adi Shamir ya mwaka 1979, ambayo huigawa siri katika vipande ili, kwa mfano, vipande vyovyote viwili kati ya vitatu viirudishe na kimoja peke yake kisifichue lolote. Ni njia nzuri sana, na kwa ofisi ya watu tisa niliikataa mwenyewe, maana siku ya msiba wangehitaji kumtafuta mtu anayeielewa. Badala yake karatasi moja iko kwenye sefu ya ofisi na nyingine kwa wakili wao. Nenosiri liko kwa Bi Mkurugenzi nyumbani Nyali, na kwa kaka yake.

Kabla ufunguo haujafutwa kwenye ile kompyuta mpakato, nilikataa kuufuta mpaka urudishe data kutoka kwenye karatasi. Tulichukua mashine tupu, tukasoma alama ya QR kutoka kwenye nakala ya wakili, tukaunganisha nusu ya siri na cheti chake kuwa faili moja, tukaagiza mstari wa PKI Keypair, ule unaoionyesha klayenti ufunguo wake, ulitaje faili hilo, na ankara ikafunguka. Mwezi wa Agosti jaribio lilirudiwa na karani ambaye si mtu wa kompyuta, akifuata karatasi ya maelekezo peke yake, nami nimekaa mbali nikiwa nimekatazwa kusema. Alikwama mahali pamoja. Maelekezo yangu hayakusema kwamba nenosiri lazima liondolewe kwenye ufunguo kwanza, kwa kuwa klayenti haiwezi kumwuliza mtu nenosiri. Mimi nililijua jambo hilo kiasi cha kusahau kuliandika. Aliongeza mstari huo kwa kalamu, na karatasi yenye maandishi yake ndiyo iliyorudishwa kwenye bahasha.

Diski ya chini ya ngazi ilitobolewa kwa drili mbele ya mashahidi wawili. Ule ufunguo wa zamani uliokuwa ndani yake, hata hivyo, haukuweza kutupwa, kwa kuwa ufunguo mpya hausimbi upya nakala za nyuma, na kila kilichonakiliwa kabla ya maji yale kinafunguliwa na huo peke yake. Umo katika bahasha yake ndani ya sefu, umechapishwa, umekwisha kujaribiwa kwenye mashine tupu, na juu yake Bi Mkurugenzi ameandika kwa mkono wake tarehe ya nakala ya kwanza na ya mwisho unazozifungua, na kwamba usichomwe kabla ya mwaka 2030.